Fungu la Aliye Njiani

Pundamilia alianguka saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nne alikuwa amekwisha kuwa mafungu.

Juu ya ukingo wa korongo, Twilumba Kihwele alikuwa amelala kifudifudi, daftari mbele yake, penseli nyuma ya sikio, akiwahesabu walaji. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwahesabu. Taasisi ya Chimbuko ilimwajiri awe mhesabu nyayo kwa kuwa hakuna mtambo ulioweza kusoma mchanga wa Itendule kama mwanamke aliyezaliwa juu yake. Yeye naye aliikubali kazi kwa kuwa adui usiyeingia jikoni kwake humjui. Kila upande ulimficha mwenzake nia yake. Ndoa nyingi zimedumu kwa chini ya hapo.

Bondeni walikuwa arobaini kamili. Vipaji vya uso vifupi, nyusi nene kama midomo ya chungu, miguu mirefu ya wakimbiaji. Mifupa ya wenzao wa asili ilikuwa imelala ardhini miaka milioni moja. Wataalamu wakaja, wakakwangua meno, wakapata mbegu ndani yake, wakaiotesha katika mifuko ya maji ya uvuguvugu mpaka ikalia. Kizazi cha kwanza kililelewa kwa chupa na mikono yenye glavu. Vijana wa sasa walikuwa kizazi cha tatu, waliozaliwa bondeni, wasiojua chupa wala glavu. Watalii waliwaita Wahenga. Kitabuni walikuwa namba. Neno "watu" lilipigwa marufuku kwenye ripoti. Twilumba aliwahi kuliandika mara moja, mwaka wa tatu wa kazi, akaletewa barua ya onyo ndefu kuliko ile waliyoletewa wazazi wake nyumba yao ilipobomolewa.

Dume lenye mkono uliopinda, ambalo kitabuni ni M-7 na kwa Twilumba ni Kigosho, lilikuwa limekaa mahali pake pa siku zote, mguu mmoja umenyooshwa, likigonga jiwe kwa jiwe. Ko. Ko. Kimya; analigeuza jiwe, analitazama kama fundi cherehani anavyoutazama mshono. Ko. Kibanzi kikaruka, kikali kuliko wembe. Mwanamke aliyekuwa akichuna ngozi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa, akakiokota, akaendelea na kazi. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeringa. Wawili walisimama juu ya kichuguu wakiwatazamia fisi. Watoto waligombania mkia.

Na mmoja wa kizazi cha kwanza, Kibogoyo, ajuza tayari kwa kuwa kwao uzee huja mapema, hana jino hata moja mdomoni, alikaa kivulini akingoja kwa utulivu wa mtu anayejua hatasahauliwa. Binti yake alipasua mfupa, akakomba uboho, kisha akatafuna kipande cha ini mpaka kikalainika, akakitoa mdomoni na kumwekea mama yake kiganjani. Kila mlo. Twilumba aliwajua madaktari wa Taasisi waliowapeleka mama zao kwenye nyumba za wazee na hawakumbuki hata rangi ya mlango.

Nyama waliila mbichi. Mwaka wa saba radi iliwapa moto. Wakaulinda siku tisa, wakapokezana zamu, wakaulisha vijiti kama mtoto mgonjwa. Siku ya kumi Taasisi ikatuma ndege ikamwaga maji. Kitabu cha mradi, walisema, kinaonyesha kwamba kwa hawa moto bado haujafika. Twilumba alikuwa palepale ukingoni siku ile. Aliwaona wakikaa kulizunguka jivu lililolowa, wamenyoosha mikono, wakisubiri joto lirudi. Hakusahau. Hakuwahi kusahau kitu, na ndiyo sababu alikuwa hana marafiki wengi.

Sasa ndipo likaja jambo ambalo kwa ajili yake alikuwa amelala kwenye mawe tangu alfajiri.

Binti wa Kibogoyo alinyanyuka na paja la mbele, zuri, lenye nyama ya kutosha. Akapanda nalo mpaka kwenye jiwe bapa lililo juu ya mto mkavu, akaliweka, akalifunika kwa matawi, akakaa kando yake. Mtoto mmoja akanyata, akanyoosha mkono. Akachapwa kofi. Dume kubwa likapita, likatazama matawi, likapita zake. Jua likapanda, likaanza kushuka. Watu wenye njaa, maana pundamilia mmoja kwa vinywa arobaini ni kionjo tu, walilamba vidole na kuliacha paja likae.

Juu yao Jicho lilikuwa likielea, kile kidude cha Taasisi chenye kamera, kikinguruma kama nyuki aliyeingia chupani. Kwenye kioo alichofunga mkononi Twilumba akaona maandishi: MABAKI. Jicho lilifundishwa hivyo. Nyama isiyoguswa kwa saa sita ni mabaki, walaji wameshiba, wameiacha. Waliolifundisha hawakuwahi kukaa na njaa mbele ya chakula kilichofunikwa.

Twilumba alijua ni la nani. Miezi saba nyuma gari la Taasisi lilishuka bondeni, likamchukua binti wa yule mwanamke, kitabuni F-19. Yeye alimwita Chiriku kwa kuwa hakuwa akinyamaza toka kuche mpaka kuchwe. "Uchunguzi wa kawaida," ubao wa matangazo ulisema. Tangu siku hiyo mpaka jana walikuwa wamewinda mara kumi na nne. Mara kumi na nne paja limepanda juu ya jiwe. Linaoza, tai wanakuja, mawindo mengine yanapatikana, linawekwa jingine.

Kwao Itendule, kabla ya tingatinga, hakuna chungu kilichopakuliwa bila kutoa kwanza fungu la aliye njiani. Baba akiwa safarini, kaka akiwa machungani, shangazi aliyeolewa mbali akapotea: upawa wa kwanza ni wake. Unawekwa kwenye kibuyu kidogo, unafunikwa, na hauliwi na mtu mpaka kipikwe chungu kingine. Wasomi walikuja wakaandika kuwa ni tambiko. Mama yake Twilumba aliposomewa alicheka mpaka akashika ubavu. "Tambiko gani? Mtu hajarudi. Chakula chake kiko wapi?"

Siku ya malori ya kuwahamisha, baba yake alijilaza mbele ya tingatinga. Askari wawili walimbeba mikono na miguu, na huo ndio mwisho wa habari zake. Miaka kumi na mmoja mama alimpakulia. Twilumba, binti mwenye njaa, alikifahamu kile kibuyu kuliko alivyoyafahamu maandiko.

Akaandika: tarehe, saa, paja la mbele, la Chiriku. Mara ya kumi na tano. Halafu akakaa akiitazama sentensi yake kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni kamba.

Keshokutwa angekuwa shahidi.

*

Mahali walipomwagwa na malori paliitwa Kambi ya Muda. Muda wenyewe ulikuwa umefikisha miaka hamsini.

Mgovano alikuwa uani kwake akichonga mpini wa jembe. Ni mume wa marehemu dada yake Twilumba, mzee wa miaka sabini na mbili, mguu mmoja ulivunjwa kituoni kwa polisi ukaunga vibaya. Wao wawili ndio waliolibeba dai la Itendule tangu ujana. Kando yake alikaa wakili wao, Nzowa, msichana aliyezaliwa hapohapo kambini na kuapa kwamba hatafia hapo.

"Kamwene, shemeji," Mgovano alisema. "Umetoka kwa ndugu zako?"

"Ndugu zangu wanakula pundamilia. Wewe unakula nini?"

"Maharage ya jana."

"Basi wamekutangulia kwa maendeleo."

Nzowa alicheka, akamsogezea kigoda. "Mama, kaa. Nataka turudie mara moja tu, halafu nikuache upumzike."

Twilumba alikaa. Alikuwa anaijua kesi kuliko wakili, maana sheria alijifundisha mwenyewe, kwa gazeti la serikali lililofungiwa maandazi na kamusi isiyo na jalada. Lakini alimwacha binti aseme.

Mkataba wa Taasisi unakwisha mwezi ujao. Kama viumbe wa bondeni ni wanyama, mradi unafungwa na ardhi inarudi kwa waliohamishwa. Kama ni watu, basi wao ndio waliotangulia, bonde ni lao milele, na Taasisi inabaki kuwa mlezi wao. Hiyo ndiyo sababu Dokta Chengula, mkurugenzi, aliyewaita namba kwa miaka thelathini, wiki hizi mbili alikuwa akienda redioni kuwaita "kaka na dada zetu".

Na mtu ni nani? Bunge lilizozana mwaka mzima. Wakasema, mwenye kutengeneza zana. Wakaletewa picha za sokwe. Wakasema, mwenye kulia wafu wake, wakaletewa tembo. Wakasema, mwenye kunena. Mbunge mmoja akasimama na kasuku. Mwishowe kikabaki Kifungu cha Tisa: mtu ni kiumbe amwekeaye fungu mwenzake asiyekuwepo, kwa hiari, zaidi ya siku tatu, akiwa yeye mwenyewe na njaa.

"Chengula hana kitu," Nzowa alisema. "Ana picha za mawe na picha za bibi kizee anayelishwa. Bibi yupo pale, hahesabiki kuwa asiyekuwepo. Kwa hiyo keshokutwa utaulizwa swali moja. Katika miaka kumi na tisa, umewahi kuona wakimwekea mwenzao asiyekuwepo? Unajibu kwamba umeona mabaki. Basi. Mtambo wao wenyewe unasema mabaki. Tunawachapa kwa fimbo yao."

"Wakishakuwa wanyama watapelekwa wapi?"

Nzowa alifungua faili ambalo halikuhitaji kufunguliwa. "Mkataba unasema wataondolewa."

"Na sisi tuliondolewa. Tulipakiwa malori. Wao watapakiwa nini?"

"Sindano, mama."

Mgovano alipuliza vumbi la mbao kwenye mpini. "Hawataumia," alisema. "Nimeuliza."

"Uliuliza lini?"

"Mwaka jana."

"Ukakaa nayo mwaka mzima?"

"Shemeji, mimi nimekaa na mengi."

Twilumba alitoa daftari kwenye kibwebwe, akaliweka mapajani bila kulifungua. "Wanaweka fungu," alisema. "La Chiriku. Miezi saba sasa. Nimeandika yote."

Jogoo akawika nje ya saa zake. Nzowa aliinuka, akakung'uta sketi. "Mama, mimi sijakusikia," alisema taratibu. "Nikikusikia nitakuwa nimefungwa mikono, na siwezi kukusimamia tena. Naenda kunywa maji. Nikirudi, tuwe tumemaliza."

Alipokwisha kuingia ndani, Mgovano aliuweka mpini chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wao."

"Basi hakuna anayejua." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Dada yako nimemzika kwenye udongo wa kuazima. Aliniomba kitu kimoja, nimrudishe Itendule, hata mifupa. Makaburi ya babu zetu yako ndani ya uzio, watalii wanajisaidia juu yake. Nimefungwa mara mbili. Mguu huu unauona. Na wewe unakuja kuniambia kuhusu paja la punda?"

"Pundamilia."

"Usinifanyie mzaha! Wakiwa watu, wao ndio waliotangulia. Wewe, nani atawatangulia wale? Adamu? Sisi tutakuwa wageni mpaka kiama, Chengula anakuwa baba yao mlezi, uzio uko palepale. Hata wao hawatoki. Wanapata nini?"

"Wanapata kuishi."

"Ndani ya uzio."

"Na sisi tumeishi wapi?"

Mgovano aliuokota tena mpini. Kisha akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote wa kambi angeweza kulifanya, kwa kuwa hadithi ile ya mpima ardhi waliinyonya pamoja na maziwa. Akasema, kwa upole kabisa, "Mpima Mdemu alisema neno moja, tukapotea. Na wewe sema neno moja, turudi."

*

Ukumbi wa Baraza la Ardhi ulijaa mpaka madirishani. Kambi ya Muda yote ilikuja kwa miguu, wazee wamevaa makoti ya arusi zao. Upande wa pili walikaa watu wa Taasisi, wachache, wakinukia sabuni.

Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, alianza kwa kusoma historia ya shauri. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea. Mwaka fulani, mpima ardhi Mdemu, mzaliwa wa Itendule, aliapa mbele ya kamati na kusema: "Eneo halina watu. Wanaoonekana ni wapitaji."

Minong'ono ilipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu. Twilumba hakunong'ona. Ukurasa ule aliunakili kwa mkono akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kufagia ofisi ya masijala mwezi mzima ili apate kuushika. Kwa ukurasa ule ndipo alipojifunza kwamba mtu anaweza kufutwa na mtu anayejua kuandika. Mdemu alinyonyeshwa na bibi yake Twilumba, mama yake Mdemu alipougua. Alicheza kwenye ua wao. Na miaka hamsini Twilumba alikuwa akijiuliza kila alipokosa usingizi: alikuwaje yule mtu siku ile? Alitishwa? Aliahidiwa nini? Moyo wake ulikuwa mahali gani?

Alipanda kizimbani, akaapa.

Nzowa aliuliza kwa sauti safi. "Shahidi, kwa miaka kumi na tisa umewatazama viumbe wa Itendule kila siku. Umewahi kumwona yeyote kati yao akimwekea fungu mwenzake asiyekuwepo?"

Twilumba aliwatazama watu wake. Mgovano mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake akina mama aliofungwa nao, aliolala nao njaa, aliozika nao watoto. Wote walikuwa wamelipindia jibu midomo tayari, kama watu wanaosubiri kuitikia wimbo. Kwenye meza ya ushahidi kioo cha Jicho kilikuwa kimewashwa: MABAKI, MABAKI, MABAKI, mara kumi na tano.

Kumbe ndivyo alivyokuwa Mdemu siku ile. Hakutishwa na mtu. Swali lilikuwa fupi, waliokaa mbele yake aliwapenda, na jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na wengine. Kulisema kungemchukua pumzi moja.

"Nimeona," Twilumba alisema.

Nzowa alifumba macho.

"Nimeona mara kumi na tano. Ninazo tarehe." Akafungua daftari, akaanza kusoma. Tarehe, saa, mnyama, kiungo, nani aliweka, nani alilinda, mtoto yupi alichapwa. Alisoma zote. Mahali fulani kati ya mara ya nne na ya tano kiti kilianguka, mtu akatoka. Mara ya tisa mwanamke alisema kwa sauti, "Lo, Twilumba, umetuua!" Mwenyekiti akagonga meza. Upande wa sabuni Dokta Chengula alikuwa amenyanyuka nusu, mdomo wazi, kama mtu aliyeketi mezani mwa maskini na kuletewa mbuzi mzima.

"Baraza limesikia," Mwenyekiti alisema. "Ushahidi huu unatosha. Shahidi anaweza kushuka."

"Sijamaliza."

"Swali limejibiwa, mama."

"Limejibiwa nusu. Fungu ni la nani? Hamuulizi? Ni la binti. Gari la Taasisi lilimchukua miezi saba iliyopita. Kama ni mtu, basi aliibwa. Kama ni watu, basi wamefungwa miaka arobaini bila kesi. Walilinda moto ukazimwa. Namtaka yule binti. Dokta Chengula, uko hapa. Chiriku yuko wapi?"

Chengula alikaa. Akaangalia karatasi zake. Mtu wa pembeni akamnong'oneza kitu.

"F-19," alisema hatimaye, "tulimpoteza katika mwezi wa pili wa uchunguzi. Ni jambo la kusikitisha. Sampuli zimehifadhiwa."

Karani alikuwa ameondoa vidole kwenye vitufe. Twilumba aliona. "Andika," alimwambia. "Andika hilo, baba. Wale wanaweka fungu la maiti na hawajui."

Karani alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti aliishusha miwani ya kichwani, akaiweka juu ya ile ya puani.

"Suala hilo halimo katika shauri hili," alisema. "Lisiandikwe."

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo, baada ya chai. Viumbe wa Itendule ni watu kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa. Kwa kuwa ni watu, ndio waliotangulia. Kwa kuwa hawajiwezi mbele ya sheria, Taasisi ya Chimbuko itakuwa mlezi wao. Dai la wakazi wa Kambi ya Muda limetupwa. Makofi yalipigwa upande mmoja, machache, ya adabu.

Nje, umati ulipasuka njia mbili ili Twilumba apite, na hakuna bega lililomgusa. Alimkuta Mgovano ameegemea ukuta kwa mguu wake mzima.

"Nisingeweza, shemeji," Twilumba alisema. "Ni maneno ya Mdemu. Ningekuwa nayatamka kwa kinywa changu."

"Mdemu alituuza kwa uongo," Mgovano alisema. "Wewe umetuuza kwa ukweli. Mimi nitalala wapi tofauti?"

Twilumba alilitafuta jibu la swali hilo hata baadaye, hakulipata.

"Nikifa," alisema Mgovano, "usije kunizika." Akaenda zake, mguu ukiburura, na watu wakaziba njia nyuma yake.

*

Barua ya kumwachisha kazi ilifika siku ya nne. Ilieleza kwa heshima kwamba wakazi wa Itendule sasa wana haki ya faragha, hivyo hawawezi kutazamwa na mtu asiyeidhinishwa na mlezi. Ziara za wageni zitaendelea kama kawaida, kwa kuwa wageni wameidhinishwa.

Aliisoma mara mbili. Akachukua ubao wa sanduku la chai, akaandika kwa mkaa: FUNGUENI. WATU HAWAFUGWI. Akaenda kukaa mbele ya geti kuu, kando ya barabara ya lami, mahali palipokuwa uwanja wa ngoma wa baba zake.

Dokta Chengula alishuka kwenye gari asubuhi ya kwanza, akiwa na tabasamu na mkono ulionyooshwa. "Mama Twilumba! Historia itakukumbuka. Umewaokoa."

"Fungua geti."

Alicheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Mambo yana taratibu, mama. Kuna homa, kuna barabara, kuna majirani wasiowapenda. Wataumia."

"Wewe ulimwua mmoja akiwa ndani. Huko nje wataumizwa na nani zaidi yako? Umesema ni watu. Nchi nzima imekusikia. Mtu akitaka kutoka kwake anatoka. Fungua."

"Ninyi watu wa harakati hamshibi," alisema Chengula, akarudi garini.

Askari wa geti waliambiwa wasimguse. Kumgusa kungeleta magazeti. Kwa hiyo alikaa. Siku ya pili, ya tano, ya ishirini. Watu wa Kambi ya Muda walipita asubuhi kwenda kufagia hoteli ya Taasisi, maana kesi ikishindwa tumbo haliahirishi shauri lake. Waliokuwa wakimwita dada walitazama lami. Nzowa alipita mara moja, akasimama, akafungua mkoba, akaufunga, akaenda. Mwanamke aliyempigia kelele ukumbini alimtemea mate karibu na mguu, kisha akasimama hatua chache mbele, mgongo ukitikisika, akalia bila kugeuka.

Twilumba alipaza sauti kila basi lilipofika. Alisema majina: Kigosho, Kibogoyo, Chiriku. Alisema majina ya nyumba mia moja na nne zilizobomolewa, moja moja, kuanzia ya kisimani mpaka ya mlimani. Aliyachanganya yote pamoja kwa makusudi, na kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kimechoka kuomba.

Mwezi wa pili Taasisi ilipaka mstari mweupe kwenye lami, mita tatu kutoka alipokaa, ikaweka kamba na vigingi vya shaba.

Alidhani ni vya kumzuia yeye. Kisha basi likafika, wageni thelathini wakashuka, wakapangwa nyuma ya kamba. Kijana wa kuongoza wageni, mtoto wa kambini, sare mpya, akasimama mbele yao. Hakumtazama Twilumba machoni.

"Huyu mnayemwona," alisema, "ni mmoja wa wenyeji wa mwisho wa bonde hili waliokuja baada ya Wahenga. Huamka kabla ya jua. Huwasha moto kwa mafiga matatu, huchemsha chai isiyo na maziwa, hula viazi vya jana. Hufua nguo Jumatano. Mchana hukaa hapo alipo. Akiona wageni hutoa sauti kubwa, lakini hana madhara. Tafadhali msipite kamba na msimrushie chakula."

Twilumba alisimama. Akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akawaambia ni nani alilala wapi, nani alikufa wapi, nani yuko ndani na kwa nini atoke. Kamera zikainuliwa.

Mzee mmoja wa kigeni, mwenye kofia ya jua na uso wa huruma, alimwinamia kijana.

"Anasema nini?"

Kwa mara ya kwanza kijana alimtazama Twilumba machoni, naye Twilumba akanyamaza ili amsikie vizuri.

"Anawakaribisha," alisema kijana.

Wageni wakafurahi, wakampungia mikono.